Maneno ya kikundi cha mpira kwenye mkutano mkuu: Torino, na kipa wetu



Komite ilitupa dakika ishirini tuseme juu ya faida ya michezo kwa vijana waliorudi. Tulianza kuandika hayo, na kusema kweli hatukumaliza hata ukurasa moja. Faida ya michezo mnaijua: kijana akicheza mpira hakai kwenye pombe mchana. Imekwisha. Basi tumeandika juu ya kitu tunachokipenda, na mwisho tutaleta ombi. Maneno haya tumeyaandika watu sita, kwenye baraza ya muzee wetu mmoja, tukigombana sana, na mmoja tu njo anayasoma. Kwa hiyo mkisikia "sisi", ni sisi kweli.

Wengi wenu mnatuita Ng'ombe. Jina hilo tulilipata Nyarugusu. Siku moja mitumba ilifunguliwa, na ndani mlikuwa nguo kumi na nne za mpira, zote sawa, rangi ya damu ya mzee, na kifuani ng'ombe dume amesimama kwa miguu ya nyuma. Tulifikiri ni nguo za shule fulani. Tulizigawana, tukaanza kucheza nazo, na kambi nzima ikacheka: "Ng'ombe wanakuja!" Tulikuwaka tunafungwa sana siku zile, kwa hiyo kicheko kilikuwa kikubwa.

Halafu akapita padri mmoja Mwitaliano, alikuja kusoma misa. Alituona uwanjani, akasimama, akashika kichwa. Mchezo ulipokwisha akatuita: "Mnajua mmevaa nguo ya nani?" Hatukujua. Alikuwa mtoto wa mji wa Torino, ule mji wa Don Bosco, ambao Wasalesiani wake tunawajua hapa Congo tangu zamani za Wabelgiji. Akakaa chini pamoja na sisi, akaanza kusimulia. Giza liliingia akiwa bado anasema. Tangu siku ile hatukucheka tena ile nguo.

Tunajua hapa ndani kuna watu wa Juventus, watu wa Milan, watu wa Inter. Hatuko na ugomvi nao. Ila mtu wa Inter tunamkumbusha kidogo tu ile tarehe 18 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe yetu ya Lubumbashi ilipokuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Inter walitupiga tatu bila. Siku ile kila mtu wa nchi hii alikuwa Mazembe, hata wale wenye kuvaa nguo ya Inter. Ni vile mapenzi ya mpira yanakuwaka: unaweza kupenda mbali, lakini kuna siku moyo unarudi nyumbani.

Sasa Torino. Ilizaliwa tarehe 3 Desemba 1906, kwenye nyumba ya kuuzia bia. Kati ya walioizaa walikuwa watu waliotoka Juventus na hasira, na mbele yao Mswisi mmoja, Alfred Dick, aliyekuwa prezida wa Juventus. Wazee wetu wanacheka, juu wanajua ushirika huu nao ulizaliwaje. Si kila ugomvi unaharibu.

Ekipe ile ilikuwa na kiwanja chake, Filadelfia, kilichofunguliwa 1926. Kiwanja kidogo, watu karibu na mstari kabisa. Mwaka 1939 akaingia prezida Ferruccio Novo, yeye mwenyewe aliwahi kuchezea ekipe ile. Alijua kuchagua watu. Mwaka 1942 alileta wawili kutoka Venezia, Valentino Mazzola na Ezio Loik, na kuanzia hapo jina likawa Grande Torino, yaani Torino Kubwa. Walichukua ubingwa wa 1943. Vita ikakata ligi. (Mwaka 1944, katikati ya vita, kulichezwa mashindano, na waliowashinda Torino 2 kwa 1 walikuwa watu wa kuzima moto wa mji wa La Spezia! Tunapenda sana hiyo habari. Hata mkubwa anaweza kuzimwa.) Vita ilipokwisha wakachukua 1946, 1947, 1948. Mwaka ule wa 1948 walifunga magoli 125 kwa michezo 40, na siku moja waliwapa Alessandria kumi bila. Tangu mwanzo wa 1943 hakuna ekipe ya ligi iliyowashinda pale Filadelfia. Tarehe 11 Mei 1947 Italia ilicheza na Hungaria, na kati ya wachezaji kumi na mmoja wa Italia, kumi walitoka Torino. Aliyebaki ni kipa tu, na huyo alitoka Juventus.

Padri alitufundisha kitu kimoja ambacho tulikifanya siku nyingi Nyarugusu. Kwenye Filadelfia alikuwako mtu wa reli, Oreste Bolmida, mwenye kuja na tarumbeta. Akiona ekipe imelala, anapiga. Hapo Mazzola, kapiteni, anakunja mikono ya nguo yake, na wenzake wanajua: sasa ni dakika kumi na tano za kweli. Mara nyingi mpinzani alikuwa anapata magoli matatu, manne, katika dakika hizo. Sisi hatukuwa na tarumbeta. Tulikuwa na filimbi ya mwalimu mmoja. Kapiteni wetu alikunja mikono mpaka nguo ikapasuka begani, na magoli hayakuja sana. Lakini tulikimbia.

Kuna mtu mmoja wa ekipe ile tunataka mumjue kuliko wengine, ingawa hakucheza. Anaitwa Ernő Egri Erbstein. Alikuwa Myahudi wa Hungaria, mwalimu wa mpira, aliyefika Torino 1938. Mwaka uleule serikali ya Italia ikatoa sheria za ubaguzi juu ya Wayahudi, na akalazimika kuondoka na mke na watoto wake. Alijaribu kuingia Uholanzi, mpaka ukafungwa mbele yake, akarudishwa nyuma mpaka Budapest. Mwaka 1944 alitiwa kwenye kambi ya kazi za nguvu. Akatoroka pamoja na wenzake. Vita ilipokwisha, huyu mtu angeweza kwenda popote. Alirudi Torino. Kwenye mji uleule uliomtoa, kwenye ekipe ileile, akashika kazi, na ile Torino ya miaka ya mwisho ilikuwa mkononi mwake.

Sisi tuliopewa karatasi ya HCR, tuliopanda meli pale Kigoma na kushuka Baraka na mabati yetu na sahani zetu, tunamwelewa. Tulikuta nyumba zina watu wengine. Tulikuta mashamba yamelimwa. Tulisalimia, tukakaa, tukaanza. Muzee mwenye baraza alituambia: "Huyo Erbstein mumuandike kwenye rejista yetu." Tulimuandika kweli, ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya risasi.

Sasa tunafika kwenye habari yenyewe. Mei 1949 Torino walikuwa mbele kwenye ligi, pointi nne juu ya Inter, imebaki michezo minne. Walikubali kwenda Lisbon, Ureno, kucheza mchezo wa urafiki na Benfica, juu ya kumheshimu kapiteni wa Benfica, Francisco Ferreira, ambaye Mazzola alijuana naye walipocheza Italia na Ureno. Tarehe 3 Mei wakacheza, Benfica wakashinda 4 kwa 3. Kesho yake wakapanda ndege kurudi, wakasimama Barcelona kutia mafuta. Torino kulikuwa na mvua na mawingu chini kabisa. Nyuma ya mji kuna mlima, Superga, na juu yake kanisa kubwa la zamani. Saa kumi na moja na dakika tatu jioni ndege ilipiga ukuta wa nyuma wa lile kanisa.

Watu 31. Wachezaji 18. Erbstein alikuwa ndani. Waandishi watatu wa magazeti walikuwa ndani. Wandugu wawili wa tumbo moja, Aldo na Dino Ballarin, walikuwa ndani. Dino alikuwa kipa wa akiba, amechukua nafasi ya mwenzake Gandolfi ambaye aliachwa nyumbani. Novo alibaki kwa sababu alikuwa mgonjwa. Sauro Tomà, beki, alibaki kwa sababu ya goti. Aliyepandishwa mlimani kusema huyu ni nani na huyu ni nani alikuwa Vittorio Pozzo, mwalimu aliyeipa Italia kombe la dunia 1934 na 1938. Wengi wa wale vijana aliwalea yeye mwenyewe. Wenye kuchukua maiti kwenye vita kati yetu mnajua kazi ile ni ya namna gani. Hatutaongeza.

Tarehe 6 Mei walizikwa, na watu waliojaa barabarani walikaribia nusu milioni.

Lakini kitu kilichotushika sisi, na tuligombana juu yake usiku mzima kwenye baraza, ni kilichofuata. Michezo minne ilikuwa bado. Torino hawakuwa na ekipe. Wakaweka vijana wadogo, wale wa mafunzo. Na wapinzani wao, Genoa, Palermo, Sampdoria, Fiorentina, kila mmoja aliacha wakubwa wake nyumbani akaleta vijana pia. Vijana wa Torino wakashinda yote minne, ubingwa ukawa wa Torino. Mmoja wetu alisema: "Lakini hiyo si mpira, ni huruma." Mwingine akamjibu: "Wangeleta wakubwa, ingekuwa mpira? Ingekuwa kupiga mtoto kwenye kilio." Hatukupatana. Padri mwenyewe hakutuambia nani ana haki.

Na tarehe 26 Mei, wiki tatu tu baada ya ajali, ikafika Torino ekipe ya River Plate, kutoka Argentina, ng'ambo ya bahari. Walikuja na wakubwa wao wote, na Di Stéfano ndani, aliyekuja kuwa mkubwa sana baadaye Madrid. Walikuja kucheza ili pesa ziende kwa familia za waliokufa. Ili wapate wa kucheza naye, Waitaliano walikusanya ekipe kutoka vilabu vingine, wakaiita Torino Simbolo, na wote wakavaa rangi ya damu ya mzee. Kati yao alikuwa Giampiero Boniperti. Mwenye kujua mpira wa Italia ameshtuka, juu Boniperti ni Juventus kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye nywele. Alicheza pale maisha yake yote na akawa prezida wao. Siku ile alivaa nguo ya Torino. Walimaliza mbili kwa mbili.

Mazzola aliacha watoto. Mkubwa, Sandro, alikuwa na miaka sita. Alikua, akacheza Inter, akachukua kombe la Ulaya 1964 na 1965. Mwaka 1950 Italia walikwenda kombe la dunia Brazil kwa meli, siku nyingi baharini, kwa sababu hakuna aliyetaka kusikia habari ya ndege. Tomà, yule wa goti, hakupata tena kucheza kama zamani. Aliishi hadi 2018, na kila mahali alikuwa "yule aliyebaki". Tunafikiri juu ya Tomà mara nyingi. Kubaki nako ni mzigo, na hapa ndani si wachache wenye kuujua.

Mengine ya Torino tunapita haraka. Walishuka daraja 1959, wakapanda tena. Walikuwa na winga mwenye nywele ndefu, Gigi Meroni, mchoraji wa picha, mji wote ulimpenda. Oktoba 1967, jioni baada ya mchezo, akivuka barabara, gari lilimgonga akafa. Mwenye kuendesha lile gari alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, shabiki wake, Attilio Romero. Miaka mingi baadaye huyo Romero akawa prezida wa Torino. Hatubuni, ni kweli. Ubingwa ulirudi 1976, miaka ishirini na saba baada ya Superga, kwa magoli ya Pulici na Graziani. Mwaka 1992 walipoteza fainali ya kombe la UEFA mbele ya Ajax bila kufungwa mchezo hata mmoja, 2 kwa 2 nyumbani na 0 kwa 0 kule Amsterdam, mpira umegonga mti wa goli mara tatu. Mwaka 2005 madeni yaliua klabu ya zamani, ikaanza mpya na jina lile na rangi ile. Filadelfia ilibomolewa, ikabaki vipande vya ukuta na majani kwa miaka karibu ishirini, mpaka ikafunguliwa tena 2017. Tulipoona picha ya yale majani mmoja wetu alisema: "Ni kwetu kabisa."

Kuna watakaouliza kwa nini kulilia Wazungu wa 1949 wakati hata karibu yetu kuna msiba wa namna hiyo. Ni kweli. Wenzetu wa Zambia, jirani za Katanga, walipoteza ekipe ya taifa Aprili 1993, ndege ilipoanguka baharini karibu na Libreville, na mwaka 2012 wakachukua kombe la Afrika kwenye mji huohuo. Tunawalilia pia. Mapenzi hayapunguki ukiyagawa.

Sasa tunakuja kwa ombi, na hapa tunaomba tusikilizwe bila kukatwa maneno.

Zile nguo kumi na nne, moja ilikuwa ya kipa wetu. Hatutaji jina lake, wote mnamjua. Alidaka Nyarugusu, alirudi na meli iliyofuata ya kwetu, alidaka hapa mpaka akaanza kuugua. Aliugua miezi mingi. Kwa miezi minne hakuleta mchango wa mfuko wa msiba. Kanuni yetu inasema mwenye kuchelewa miezi mitatu hana haki ya kitu, yeye wala familia yake. Alipokufa, mfuko haukutoa hata franka. Sanduku lilinunuliwa na wandugu wa mke wake.

Hatuji hapa kuisema komite. Kanuni ile ilipopitishwa sisi sita tulikuwa ndani, na tuliinua mikono. Na siku ya mazishi tulivaa nguo zetu za Torino, tukabeba sanduku, tukapigwa picha. Picha ilitoka kwenye gazeti hili, wafadhili waliiona, wakatuandikia kwamba ni nzuri. Mfukoni mwetu hatukutoa kitu. Binti yake mkubwa aliacha shule mwezi uliofuata. Mpaka leo, akitupita kwenye soko, anatusalimia vizuri, na hiyo njo inatuumiza kuliko angetutukana.

Tunajua jibu la mama mshika mfuko, na ana haki yake: kila mtu akichelewa na bado analipwa, mfuko utabaki kopo tupu, na mama mwenye kuleta mchango wake kila mwezi kutoka kwenye mihogo yake ataonekana mjinga. Tulifikiri sana juu yake. Tunaomba hivi: mwenye kuchelewa kwa ugonjwa, akifa, deni lake likatwe kwenye msaada, lisifute msaada wote. Miezi minne ya deni ni kitu kidogo. Kile ambacho familia ilikosa ni mara nyingi zaidi. Na ugonjwa ushuhudiwe na watu wawili wa mtaa, ili mtu asitudanganye. Komite ipige kura leo, mbele yetu wote, na tunaomba kanuni hiyo irudi nyuma mpaka kwa kipa wetu.

Na kwa kuwa tunajua mfuko ni mdogo, sisi wenyewe tutacheza. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tisa, uwanja wa shule ya msingi. Mlango ni franka mia tano, watoto bure, na pesa zitahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa kwenye daftari ya peke yake: kwanza shule ya yule binti, halafu familia nyingine tatu ambazo kanuni ile iliziacha nje. Majina yao komite inayo. Wafadhili, hatuwaombi mtume kitu kwa mchezo huu. Tunaomba mjue tu kwamba picha ile mliyoipenda ilikuwa nusu ya habari.

Nguo zimebaki saba, zile nyingine zimeoza. Wengine wavae nyekundu yoyote nzito. Ekipe ya ng'ambo ya mto, ambao karibu wote ni watu wa Juventus, wamekubali kutukopesha wachezaji wanne watakaovaa rangi yetu siku hiyo, na mmoja wao alituuliza kama anaweza kubaki nayo kisha.

Kipa bado hatujampata. Mwenye kujua kudaka, hata kama ana umri, atuone hapo nje baada ya mkutano.